Kilomita 13 za Mfuo

Chukua ekari moja ya ulezi. Vuta kamba, chora mfuo, ruka sentimita 30, chora mwingine, mpaka shamba liishe. Mifuo hiyo ukiiunganisha yote kichwa kwa mkia inafika kilomita 13 na nusu, karibu sawa na mwendo wa kutoka Jinja mjini, Uganda, hadi kwenye miwa ya Kakira. Anayeichora huitembea ameinama. Akimaliza anairudia kudondosha mbegu, anairudia tena kuifukia, na wiki mbili au tatu baadaye anairudia kupunguza miche. Hesabu hii sijawahi kuiona kwenye kibao cha shamba la mfano, si Jinja, si Mbale, wala popote kati ya miji hiyo. Kibao hutaja jina la mbegu, nafasi kati ya mistari, mbolea iliyotiwa, na nani aliyefadhili.

Naanza na kilomita hizo kwa sababu ndizo zilizonifanya niyatazame upya maonyesho yetu ya shambani. Kwa miaka mingi sisi wataalamu wa kilimo tumewaita wakulima karibu na mavuno, tukawasimamisha mbele ya masuke yaliyofumba kama ngumi, tukawauliza wanaona nini. Waliona ulezi mzuri. Walishukuru, wakanywa soda, wakaenda zao, na Machi iliyofuata wakamwaga mbegu kwa mkono kama mama zao walivyomwaga. Nasi tukaandika kwenye ripoti kwamba wakulima ni wagumu kubadilika. Nami niliyaandika maneno hayo, tena zaidi ya mara moja, na leo siyaamini. Tuliwaonyesha kitu ambacho hawakuwa na shaka nacho, tukawanyima walichotaka kukijua: kazi ile inafanywa na nani, kwa siku ngapi, na katika wiki gani ya msimu.

Mpumudde panafaa kuliwazia jambo hili. Ni kilima ndani ya Jinja. Hapo ndipo alipofia Omukama (mfalme) Kabalega wa Bunyoro mwezi Aprili 1923, akiwa njiani kurudi kwao baada ya zaidi ya miaka 20 ya uhamishoni Ushelisheli, na jina la mahali lenyewe, kwa lugha za huku, linabeba maana ya kupumzika. Siku hizi ni mtaa wa watu wanaolala mjini na kula kutoka kijijini. Nyumba nyingi zina bustani ya mboga tu nyuma ya jiko, lakini mwenye nyumba ana kipande cha urithi mbali na hapo, na ikifika Februari simu zinaanza: mvua imeonekana? ng'ombe wa kulima wamepatikana? Mkulima wa namna hii hana muda wa kupoteza. Ana mwisho wa juma mmoja, labda miwili, wa kupanda. Ukimfundisha njia inayohitaji siku sita ameshakuondoa moyoni kabla hujafunga mkutano.

Ukitoka hapo kwenda Mbale kwa barabara ya Tirinyi unapita Iganga na Namutumba, unavuka bwawa la Mpologoma lenye mpunga pande zote, unaingia Kibuku na Budaka, kisha mlima Elgon unakuja mbele yako. Upande wa Jinja miwa imeshika ardhi. Bondeni ni mpunga. Kati yake mahindi, mihogo, viazi vitamu. Ulezi umesukumwa kwenye miinuko yenye changarawe, mashamba ya robo ekari, nusu ekari, aghalabu yaliyochoka. Wasoga huuita obulo na Wateso akima, na heshima yake bado imesimama pale ambapo eneo lake limepungua. Mbale, katika mwaka unaogawanyika kwa mbili, kijana wa Kigisu anayejiandaa kwa imbalu, tohara ya jadi, hupakwa kimea cha ulezi mwilini, na pombe ya ulezi ndiyo inayowakalisha pamoja wazee wa ukoo wake. Kwa Wateso chungu cha ajono huwekwa katikati na mirija mirefu ikaingia humo kutoka kila upande. Mzazi anayetaka uji wa mtoto anayeanza kula hutafuta unga wa ulezi kwanza, na ana haki: kwa uzito ule ule nafaka hii ina kalsiamu karibu mara tatu ya maziwa. Na bibi zetu waliujua ubora mwingine ambao mahindi hayana. Punje ya ulezi ni ndogo mno kwa fukusi kuingia, kwa hiyo ulezi uliokauka vizuri hukaa kihengeni miaka mingi bila dawa yoyote. Njaa ilipopita Busoga, walioivuka walikuwa na kihenge.

Sasa niitetee njia ya kumwaga mbegu, kwa sababu sisi wataalamu tumezoea kuisema vibaya bila kuisikiliza. Mvua ya Machi haimsubiri mtu. Mkulima anayeshika kikapu na kurusha mbegu humaliza ekari asubuhi moja, na kabla ya jua kali tawi la mti limekwisha kukokotwa juu ya udongo kuifukia. Punje elfu moja za ulezi zina uzito wa gramu mbili na nusu hivi, maana yake kilo moja ina punje 400,000. Anayemwaga kilo nne kwenye ekari ametupa punje milioni moja na laki sita. Ukipanda kwa nafasi ya sentimita 30 kwa 10, ekari ile ile inatosheka na miche 135,000. Nimewasikia wenzangu wakiuita huo ujinga, kutupa mbegu mara kumi na zaidi ya inayohitajika. Mimi nauita bima. Ndege watakula, sisimizi watabeba, mvua ya kwanza itadanganya na kuacha nusu ya mbegu imeoza, na bado shamba litakuwa na miche. Mbegu ya kuhifadhiwa nyumbani ni rahisi. Siku za Machi ndizo ghali.

Bima hiyo inalipwa baadaye, na hulipwa na mtu mwingine.

Shamba lililomwagwa huota kama zulia. Ndani ya zulia hilo mna ulezi-mwitu, ndugu wa damu wa ulezi wetu, ambaye akiwa mchanga hufanana naye kiasi kwamba hata mimi niliyesomea mimea huhitaji kuchutama na kushika shina kwa vidole ili niwatenganishe, na mara nyingi nakosea. Jembe haliwezi kupita. Palizi inafanywa kwa mikono, mtu ameketi au amechutama, anasogea hatua kwa hatua, anang'oa magugu, anapunguza miche, anabahatisha ipi ni ipi. Kazi hiyo inaangukia wiki sita za kwanza, zile ambazo zao likisongwa halirudi tena kwenye nguvu zake, na inagongana na palizi ya mahindi na ya karanga. Katika kaya nyingi nilizofanya nazo kazi, mwanamume ndiye anayetafuta ng'ombe, analima na kuamua mbegu iingie vipi. Anayechutama Aprili na Mei ni mke wake, mama yake, na binti aliyezuiwa kwenda shule siku mbili kwa wiki.

Hapo ndipo penye fundo. Kupanda kwa mistari huongeza kazi ya Machi na kupunguza kazi ya Aprili na Mei. Kwenye mstari, kila kilichoota nje yake ni gugu, huna haja ya kukikagua. Jembe dogo linapita katikati, mtu anapalilia akiwa amesimama au ameinama kidogo, na ulezi-mwitu wote uliojificha kati ya mistari unakwenda na jembe. Wanawake waliojaribu hawahitaji kushawishiwa tena na mtu yeyote. Lakini kilomita 13 za Machi mara nyingi zinatakiwa zitoke kwenye mgongo, au mfuko, wa yule ambaye hatapalilia. Tumekuwa tukiuza nafuu kwa mtu asiyeumwa. Tulipomwita mwenye kaya kwenye onyesho, akaja yeye, akatazama masuke, akapiga hesabu ya vibarua wa kuchora mistari, akaona hasara. Kwa upande wake hesabu ilikuwa sahihi.

Msimu mmoja, kwenye shamba la mfano nililolisimamia mwenyewe, mama mmoja aliyekuja na mtoto mgongoni alisubiri maswali yote ya mbolea na ya mbegu yaishe. Kisha akauliza mistari ile ilichorwa na watu wangapi na walilipwa nini. Nilijibu kweli: vijana wanane, siku mbili, wakalipwa na mradi. Hakuuliza tena. Nilimwona akilitazama shamba kwa namna nyingine kabisa, kama mtu anayetazama nyumba ya tajiri.

Elimu ya maonyesho ina historia ndefu ambayo ingetuepusha na aibu hiyo. Mwaka 1903, katika mji wa Terrell, Texas, Seaman Knapp aliombwa na wizara ya kilimo ya Marekani kuwasaidia wakulima wa pamba waliokuwa wakididimia. Serikali ilikuwa imekwisha kujaribu mashamba yake yenyewe, yenye wafanyakazi wake, na majirani walipita wakasema serikali ina fedha. Knapp akafanya kinyume. Mkulima mmoja wa hapo, Walter Porter, akatoa ekari 70 za shamba lake, akazilima kwa mikono yake na kwa gharama zake, akifuata maelekezo tu. Wafanyabiashara wa mji waliweka fedha kando za kumlipa kama angepata hasara. Hakupata hasara, fedha zile hazikuguswa, na kutokana na shamba lile ndipo huduma ya ugani ya Marekani ilipokua hadi kuwekewa sheria mwaka 1914. Ukiniuliza nini kilichofanya kazi pale, sitataja mbegu wala mbolea. Nitataja vitu viwili: jirani aliweza kuhesabu jasho la Porter kwa sababu alilijua, na woga wa hasara ulishughulikiwa wazi wazi kabla ya mbegu kuingia ardhini.

Huku kwetu tumepitia mifumo mingi. NAADS, huduma ya taifa ya ushauri wa kilimo, ilianzishwa kwa sheria mwaka 2001, ikaleta watoa huduma wa kandarasi na viwanja vya teknolojia vilivyokaa kwenye mashamba ya wakulima walioteuliwa, kisha ikaegemea wakulima wa mfano wachache kila parokia. Baadaye Operation Wealth Creation ikaja na askari wakigawa mbegu na miche. Mfumo wa ugani ukarudishwa chini ya wizara. Mwezi Februari 2022 rais alizindua mpango wa maendeleo wa parokia huko huko Kibuku, kando ya barabara niliyoitaja. Kabla ya hapo, kuanzia 1999, mashamba darasa ya FAO kwa msaada wa IFAD yalikuwa yameingia Soroti na Busia, sambamba na magharibi mwa Kenya na Bukoba nchini Tanzania, kwa mtindo uliozaliwa kwenye mpunga wa Indonesia: kundi la wakulima hukutana kila wiki msimu mzima, linachora kile linachokiona, linaamua lenyewe. Watafiti waliorudi kuyapima mashamba darasa katika nchi hizo tatu waligundua kwamba waliofaidika sana walikuwa wanawake na watu wenye kisomo kidogo. Sishangai. Hao ndio wenye mikono kwenye palizi, na shamba darasa liliwakuta huko, wiki baada ya wiki. Hawakungoja kualikwa siku ya hema na kipaza sauti.

Kwenye viwanja vya maonyesho vya Jinja, ambako shirikisho la wakulima huandaa maonyesho ya kitaifa, nimeona ulezi uliopandwa kwa ustadi wa bustani ya maua. Una kazi yake. Unamjulisha mtu kwamba mbegu fulani ipo na ina sura gani. Tatizo ni kwamba tumeubeba mtindo huo wa uwanjani tukaupeleka kijijini. Shamba la mfano linawekwa kando ya barabara ili magari ya wageni yafike, kwenye ardhi ya mwenyekiti, kwenye kile kipande chake kizuri. Mbolea ya bure, vibarua wa bure, afisa ugani anapita kila siku ya tatu. Majirani wanasema ule ni ulezi wa mwenyekiti, na wanasema kweli.

Suala la kipande gani cha ardhi ni zito kuliko linavyoonekana. Peter Ebanyat alifanya utafiti wake wa uzamivu, uliotoka Wageningen mwaka 2009, katika mfumo wa kilimo wa Teso, akifanya kazi vijijini Pallisa na Kumi. Moja ya aliyoyakuta ni kwamba palipokuwa na maboma ya ng'ombe zamani bado udongo una rutuba kuliko pembeni yake, ingawa ng'ombe wenyewe waliondoka zamani. Kwa Wateso hilo si jambo la vitabu tu. Mifugo yao ilifagiliwa na wizi wa ng'ombe na vita katika miaka ya 1980, na pamoja nayo ikaondoka samadi, wakaondoka maksai, ikaondoka plau ambayo Teso iliikumbatia mapema sana, tangu mwaka wa 1910 hivi, kabla ya sehemu nyingi za Uganda. Kwenye shamba lililochoka, ulezi uliotiwa mbolea ya kiwandani haukuweza kuufikia ule wa shamba lenye rutuba. Fikiria basi afisa ugani anayeweka onyesho lake, bila kujua, juu ya boma la zamani. Mbegu mpya itang'aa. Jirani atainunua, ataipeleka kwenye changarawe yake, atapata kile kile alichokuwa akipata, na hatarudi tena kwenye mkutano wowote.

Kwa sababu hiyo nataka mashamba mawili. Moja kwenye ardhi nzuri, ndiyo, na la pili kwenye ardhi ile mbaya ambayo kila mtu kijijini anaijua kwa jina, yenye kiduha. Kiduha ndicho kipimo. Gugu hili lenye maua ya zambarau linanyonya mizizi ya ulezi chini ya udongo kabla hujaliona, na ukiliona likichanua sehemu kubwa ya hasara imeshatokea. Mmea mmoja hutoa makumi ya maelfu ya mbegu laini kama vumbi, zinazoweza kulala ardhini zaidi ya miaka 10 zikisubiri mzizi wa kuziamsha. Hustawi palipokonda. Wakulima wengi wanaamini ni laana ya shamba, na wakati mwingine wanalihama. Hapo onyesho lina kitu cha kusema ambacho macho peke yake hayakiwezi: samadi ndani ya mfuo, desmodiamu kati ya mistari kama watafiti wa icipe kule Mbita walivyofanya, kung'oa kiduha kabla hakijatoa mbegu, na subira ya misimu kadhaa. Misimu kadhaa, narudia. Mradi wa mwaka mmoja hauna haki ya kufundisha kuhusu kiduha.

Mbegu zenyewe tunazo. Kituo cha Serere, ambacho leo ni taasisi ya taifa ya utafiti wa maeneo nusu kame, kimetoa ulezi bora tangu siku za Serere 1 na Gulu E, kisha Pese 1, kisha mfululizo wa Seremi, na karibuni NAROMIL. Seremi 2, ambayo Kenya wanaijua kama U-15, hukomaa mapema, ndani ya miezi mitatu hivi, na hilo linamfaa mkulima ambaye mvua yake imekuwa fupi. Blasti, ugonjwa unaokausha shingo ya suke na kuacha punje tupu, umekuwa ndio mtihani mkubwa wa wazalishaji wa mbegu wa Serere, na kazi waliyoifanya inastahili heshima kubwa kuliko inayopata. India waliichukua nafaka hii kutoka Afrika maelfu ya miaka iliyopita, wakaiita ragi, na kuanzia miaka ya 1970 Karnataka iliinua mavuno yake kwa mbegu zilizoitwa Indaf, India na Afrika, kwa sababu walirudi kutafuta damu ya ulezi wetu. Sisi tunaokaa juu ya chimbuko lenyewe tunavuna kilo mia chache kwa ekari, wakati kwenye mashamba ya utafiti zao hilo hilo hupita tani mbili kwa hekta.

Lakini mbegu ya ulezi ina tabia moja ambayo inapaswa kubadilisha namna tunavyoonyesha. Hujichavusha yenyewe kwa sehemu kubwa, kwa hiyo mkulima akipata kilo mbili safi anaweza kutunza ya kwake msimu hadi msimu. Kampuni za mbegu hazina hamu nayo kwa sababu hiyo hiyo, mteja harudi. Basi shamba la mfano lenyewe ndilo duka. Robo ekari iliyotunzwa vizuri inaweza kutoa mbegu ya kijiji kizima. Uganda sasa ina daraja la mbegu la kuazimiwa ubora ambalo vikundi vya wakulima vinaruhusiwa kuzalisha na kuuziana jirani kwa jirani, na vikundi vya mbegu vilivyoanza chini ya mpango wa ISSD tangu 2012 vimeonyesha kwamba wanawake wa kijijini wanaimudu kazi hiyo. Mtu akiondoka kwenye onyesho na kopo la mbegu na jina lake kwenye daftari la deni, atalipa makopo mawili baada ya mavuno, huyo tumemwonyesha. Aliyeondoka na fulana hatukumwonyesha kitu.

Kuna mfano wa jirani ambao wenzangu wengi hawapendi nikiutaja. Mtama mweupe wa Epuripur ulitoka Serere mwaka 1995 na ukakaa miaka kadhaa bila kelele. Kisha Nile Breweries, kiwanda kilichopo Njeru ng'ambo tu ya mto kutoka Jinja, kikautaka kwa ajili ya bia yake ya Eagle iliyotoka mwaka 2002, na serikali ikakubali ushuru mdogo kwa bia ya nafaka ya nyumbani. Maelfu ya wakulima wakaupanda. Walichokiona jirani kwa jirani lilikuwa lori linapakia magunia na mtu anahesabu noti. Wengine hutoa hapo hitimisho kwamba maonyesho hayana maana, leta soko tu. Mimi silifuati hitimisho hilo. Soko lililoinuliwa na mnunuzi mmoja linaweza kushushwa na mnunuzi huyo huyo. Ila mfano huo unatuambia tulikomesha onyesho mapema mno, kwenye masuke, wakati fedha iko mbele yake.

Ulezi una soko lake tayari, na Mpumudde ni sehemu yake: wasagaji wa unga wa uji, wapika pombe wanaotafuta kimea, akina mama wa sokoni wanaopima kwa kikombe. Kilo ya ulezi kwa kawaida hushinda kilo ya mahindi kwa bei. Kinachomvunja mkulima ni mchanga. Masuke huvunwa moja moja kwa kisu, yanavundikwa siku chache ili punje ziachie, kisha yanapurwa kwenye ardhi tupu, na hata uwanja ukipakwa samadi vizuri kokoto hupanda pamoja na nafaka. Mnunuzi anatia kiganja guniani, anauma punje, anasikia mchanga kwenye jino, anashusha bei. Turubai moja la kupuria, la kuzungushwa kati ya nyumba kumi, lingeingiza fedha msimu huo huo bila mbegu mpya wala mbolea. Sijawahi kuona siku ya wakulima iliyoitwa kwa ajili ya turubai.

Ninachopendekeza kwa ulezi wa mashariki, basi, ni kuwaita watu mara nne: siku ya kuchora mistari, siku ya palizi ya kwanza, siku kiduha kinapochomoza, na siku ya kupura. Mwenye shamba awe mwanamke anayepalilia mwenyewe, na mume wake aalikwe siku ya palizi, ashike kipande cha mmwago na mke ashike kipande cha mistari cha ukubwa ule ule, saa ikiwa mkononi mwa mtoto anayejua kusoma. Hasara ya msimu wa kwanza ibebwe na anayefundisha, kama Terrell walivyofanya, na jambo hilo litangazwe mbele ya watu siku ya kwanza. Hakuna vibarua wa mradi. Na zile kilomita 13 zikatwe hadharani. Fundi yeyote wa Mpumudde au Namutumba anaweza kugonga reki ya mbao yenye meno manne yaliyoachana sentimita 30. Inavutwa mara moja na mifuo minne imechorwa; kilomita 13 na nusu za kuchora zinashuka hadi tatu na nusu hivi, bila kamba, na penye maksai waliorudi chombo kipana zaidi kinaweza kufungwa nyuma yao, kama wakulima wa ragi wa Karnataka wanavyopanda kwa vifaa vya kukokotwa vyenye midomo kadhaa.

Kazi moja ngumu ambayo reki haiigusi ni kupunguza miche. Mbegu ni ndogo, vidole vinadondosha ishirini mahali pa mbili, na baada ya wiki mbili mtu yuko chini tena aking'oa. Wengine huchanganya kilo moja ya mbegu na mchanga mkavu uliochekechwa ndani ya chupa ya plastiki yenye tundu kwenye kifuniko, wanatembea wakiitikisa juu ya mfuo, na miche hutoka michache. Kadiri mchanga unavyoongezwa ndivyo mapengo yanavyotokea mahali mvua ilipokosea. Kiasi gani cha mchanga kwa udongo wa Budaka, na kiasi gani kwa changarawe ya Namutumba, ndilo swali ambalo wanawake wawili niliokaa nao msimu uliopita walikuwa wakibishana, chupa mkononi, wakati mimi nilikuwa nimekuja kuwaeleza habari za mbegu mpya. Niliifunga karatasi yangu, nikaenda kutoboa chupa ya tatu.